Sifa kwa Hita ya Bafuni

Asubuhi ya mwezi Julai jijini Nairobi hakuna mkubwa anayenyenyekewa kama ile hita nyeupe ya plastiki iliyofungwa kwenye bomba la bafuni. Mwenye cheo na asiye nacho husimama mbele yake uchi, wamejikunyata ukutani, mkono mmoja umetangulizwa kupima maji. Ikikubali, watu wanaoga. Ikikataa, sufuria ya ugali inabandikwa kwenye gesi na karai linarudishiwa heshima yake ya zamani.

Wengi huitukana bure. Mimi naisifu, kwanza kwa ukarimu. Hita ya kawaida hula kilowati 5 na ushei, umeme ambao ungewasha balbu 500 za wati 10, na yote hayo inakumwagia wewe peke yako usugue kisigino. Dakika 10 chini yake zinakaribia kumaliza uniti nzima ya tokeni. Mzazi mwenye kijana anayeimba bafuni anajua vizuri thamani ya kila ubeti.

Pia inafundisha kiasi, somo lililowashinda wazee wengi wa kanisa. Umeme wake haubadiliki, kwa hiyo moto unategemea maji unayoyapitisha. Fungulia mfereji wote, upate vuguvugu. Punguza, upate moto. Punguza zaidi ya hapo, ule mpira mwembamba wa ndani unaosukumwa na maji unakosa nguvu ya kubana swichi, na baridi inakushukia mgongoni bila hodi. Kati ya moto na baridi pana nafasi ya unywele mmoja. Ukishaipata tu, mtu anafungua mfereji jikoni asuuze kikombe.

“Nani huyo? Funga maji!”

“Si uliingia zamani? Bado tu?”

Nyumba ngapi hupata mazungumzo ya wazi hivyo kabla ya chai?

Ila sifa yake kubwa ni ukweli. Friji hufa kimyakimya na nyama ndani. Hita hueleza ugonjwa wake mapema, na kila dalili ina maana yake. Maji yakitoka kwa matone, upande mmoja yakirukia dari, matundu yameziba chokaa. Fungua kile kisahani, ukiloweke kwenye siki usiku kucha, ukisugue kwa mswaki wa zamani. Maji yakishuka kwa nguvu zote na bado ni baridi, huenda waya wa kuchemshia, ule uliosokotwa, umekatika. Elementi mpya inauzwa hadiwea, na mara nyingi hakuna haja ya kununua hita nzima. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, usiinuse hita, nusa swichi. Utaikuta imekuwa kahawia pembeni, kwa sababu skrubu zimelegea au mtu alipitisha waya wa balbu mahali palipotaka waya wa milimita 4 au 6.

Halafu kuna zile salamu za mkono. Wakazi wa Syokimau na Kitengela, wanaooga maji ya kisima yenye chumvi, wanazijua: unagusa mfereji, mfereji nao unakugusa. Katika hita nyingi za bei nafuu elementi iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi husafirisha umeme vizuri kuliko tunavyopenda. Mwambie mwenye nyumba, naye atajibu kwa utulivu kwamba uvae ndara. Ndivyo ndara za mpira zilivyogeuka vazi rasmi la kuogea. Hapa ulimi wangu wa kusifu unakuwa mzito, maana hita inayotekenya inaweza kuua. Zima swichi kubwa, usiiguse tena mpaka fundi ahakikishe waya wa ethi upo na umefungwa mahali pake, kisha uweke ile ya maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa.

Na fundi mwenyewe, tungemwona lini kama si hita? Anafika, anainua macho, anatikisa kichwa, anauliza swali ambalo nadhani hufundishwa siku ya kwanza ya ufundi: “Nani alikuwekea hii?” Humwambii kwamba ni yeye.

Mwisho, hita ni mwaminifu kwa aliyeinunua. Mpangaji akihama huacha pazia, huacha hata deni dukani, lakini hita anaifungua, anaifunga kwenye gazeti na kuondoka nayo. Mpangaji mpya anakuta nyaya zimechomoza ukutani, zimezungushiwa karatasi ya nailoni, na anapomuuliza kea-teka kama nyumba hii ina maji moto, anaambiwa ndiyo, iko, ni yeye tu kuleta hita.