Ua Halinuswi, Ua Husomwa

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, nanyi mliokuja kwa ajili ya chai: tulieni. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa Mkuu wa Maandishi ya Picha ya Kinahuatl (lugha ya Waazteki), cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya wenye mamlaka kuchelewa mno.

Namsikia bwana mmoja kule nyuma akinong'ona, "Kwani hayo si mapambo tu?" Mapambo! Hebu tazama mchoro huu wa kitabu kiitwacho Codex Mendoza, kazi ya wachoraji wa Mexico ya miaka ya 1540. Kipande cha shamba, na juu yake maua yamechomoza. Mbumbumbu atasifu bustani. Mimi nasoma Xochimilco, mji wa mashamba ya maua. Jina linasomeka kwenye mchoro wenyewe.

Kitabu hichohicho kiliangukia mikononi mwa André Thevet, mwanajiografia wa mfalme wa Ufaransa. Akafanya nini? Akaandika ndani yake jina lake na mwaka, 1553. Kazi ya wengine, sahihi yake! Leo kitabu kipo Oxford na sahihi ingalipo. Msomi huyo namheshimu sana.

Tuendelee. Kalenda ya Waazteki ya siku 260 ilikwenda kwa ishara 20 zilizozunguka pamoja na namba 1 hadi 13, na ishara ya mwisho ni ua, xochitl. Kwa hiyo ukikuta ua na nukta tano, usikimbilie kutafuta chombo cha maji. Hiyo ni siku ya Ua 5, na ndilo jina la Macuilxochitl, mungu wa michezo, ngoma na starehe. Wewe umeona shada, mwenzio ameona tarehe na mungu kwa mpigo.

Sasa kilele cha elimu yangu. Mtu anaponena, mchoraji humtoa kinywani alama iliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Maneno ya kawaida huachwa matupu. Lakini katika kitabu kingine, Codex Borbonicus, mungu Huehuecoyotl anapoimba, alama hiyo imechanua ua: hayo si maneno tena, ni wimbo.

Maswali hayaruhusiwi, kwani majibu yote nimeshayatoa. Ila wewe mpiga picha, kabla hujaipeleka picha yangu gazetini, nichoree ua hapa mbele ya mdomo. Kubwa.