Bule: Sifa za Upuuzi wa Saa Nane za Usiku

Wafalme wamesifiwa, ng'ombe wamesifiwa, na huku kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, hata viazi havikosi msifu. Leo naomba nafasi nimsifu mtu ambaye hajawahi kualikwa mezani: Mheshimiwa Upuuzi, mzaliwa wa usiku wa manane, mkazi wa nyumba za mbao, asiye na shamba, asiye na ng'ombe, asiye hata na kadi ya uchaguzi ya kumtambulisha. Nimemtumikia miaka mingi bila mshahara, na katika nchi yetu mtumishi asiyelipwa ndiye anayemjua bwana wake vizuri.

Makao yake makuu, kwa kadiri nilivyoona mimi, ni kijiji cha Karuba. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1460 juu ya bahari, na ukishafika Sake bado una kilima cha kupanda, na kingine nyuma yake. Kwa hiyo usiku ni wa baridi ya kweli, ile inayopenya kati ya ubao na ubao na kukukuta umejikunja. Usingizi hauji kwa kuitwa. Watu huungojea motoni.

Usiku wa Karuba huanza kwa adabu. Saa mbili watu wanaota moto, viazi vimefukiwa kwenye majivu, na mazungumzo ni ya watu wazima: bei ya maharage huko Sake, daraja lililobebwa na mvua, Fuso iliyokwama kwenye matope na mizigo ya watu juu yake, mtoto wa jirani anayekohoa. Wazee wanasema, vijana wanaitikia. Saa tano wenye akili wanaaga. Wanabaki watatu wanne ambao nyumbani kwao kuna baridi zaidi, pamoja na mmoja ambaye ameshasema "naenda" mara sita. Hapo ndipo Mheshimiwa anapoingia, bila kupiga hodi.

Nakumbuka usiku mmoja mvua imekatika na hakuna mwenye neno. Mwendesha chukudu (gari letu la mbao la magurudumu mawili), ambaye mchana huo alikuwa ameteremsha makala, yaani makaa, hadi Sake na kupanda tena akiisukuma tupu, aliutazama moto muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Ngombe ya huku kwetu, miguu yake yote iko sawa?"

Swali lilikuwa la haki. Vilima vyetu vimesimama kama ukuta, na ng'ombe hukaa ubavuni mwa kilima kutwa nzima akila nyasi bila kuteleza. Mwalimu wa darasa la nne, mtu mwenye heshima zake mchana, alisema huenda miguu ya upande wa juu ni mifupi. Mwingine akapinga: ikiwa mifupi ni ya kushoto, huyo ng'ombe atakizunguka kilima kwa upande mmoja tu, maana akigeuka anaanguka. Sasa jioni anarudi zizini namna gani?

Mwendesha chukudu akajibu bila kutabasamu: "Anarudi kinyumenyume."

Tukafa. Sina neno jingine. Mwalimu alitoka kwenye kigoda akawa chini, na hakuona sababu ya kurudi juu. Mmoja alikimbilia nje akidhani hewa itamsaidia. Tukamsikia huko gizani akilia peke yake. Kila tulipotulia, mtu alipita mbele ya moto akitembea kinyumenyume, kwa heshima kabisa, kama ng'ombe anayetoka kanisani, na shughuli ikaanza upya. Kutoka ng'ambo ya ukuta wa mbao ikaja sauti ya mama mwenye nyumba: "Munacheka nini saa hii?"

Tukamjibu kwa pamoja: "Bule, Mama."

(Miaka mingi baadaye niligundua kwamba Wafaransa wa milima ya Alps wana mnyama wao wa namna hiyo hiyo. Wanamwita dahu, ana miguu mifupi upande mmoja, na mgeni mjinga hutumwa usiku akamwinde. Niliumia kidogo kuona hatukuwa wa kwanza. Halafu nikapoa. Wale wageni waliokuja Masisi na kusema ni Uswisi kabisa walikuwa na hoja, ila walidhani hoja ni majani mabichi na fromaji, yaani jibini.)

Nirudi kwenye jibu letu. Pwani wanasema bure, sisi Kivu tunasema bule, lakini mifuko ya neno hilo ni miwili kotekote: kitu usichokilipia, na kitu kisicho na faida. Mchuuzi wa Goma atakwambia hivyo viwili ni kimoja. Mimi nasema asiyewahi kuishi Karuba hawezi kujua thamani ya kitu cha bule. Kwetu kila kitu kina mtu wa kukitoza. Fromaji ya duara, ile iliyoanzishwa na mapadre wa Kibelgiji, ikitoka huku inalipiwa bariere baada ya bariere barabarani. Makala yanalipiwa. Chukudu inalipiwa ikishuka na kuulizwa tena ikipanda. Mtu mwenye mikono mitupu ameshalipia kuwa na mikono mitupu. Upuuzi peke yake ndio uliopita kote huko ukiwa mdomoni mwetu, na hakuna aliyetuambia tufungue. Ingawa mwendesha chukudu alituambia kwamba asubuhi ya baada ya usiku ule, alipoulizwa na mwenye bunduki amebeba nini, alikaribia kujibu "miguu mifupi", na kwamba hajawahi kuogopa kicheko kama siku hiyo.

Wasomi nao hawakumpuuza Mheshimiwa, ingawa wamemkuta kwa mbali. Mmarekani Robert Provine aliwatega watu masikio madukani na barabarani, akakusanya vicheko 1200 na maneno yaliyovitangulia. Akakuta kwamba maneno yenye mzaha wowote yalikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Mengine yote yalikuwa maneno ya kawaida kabisa, ya kuagana na kuulizana habari. Tena mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Polly Wiessner naye aliwasikiliza Waju/'hoansi wa Kalahari, na mwaka 2014 akachapisha alichokuta: mchana watu hao husema zaidi juu ya riziki na malalamiko, bali usiku penye moto asilimia 81 ya mazungumzo ni hadithi. Hakuna kati ya wawili hao aliyeuliza habari za ng'ombe, na hilo naliona pengo katika kazi zao.

Lakini haifai kumsifu mkubwa bila kutaja anavyotisha. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa siku 52, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Kicheko kikahama kitanda kwa kitanda hadi kikawakamata wanafunzi 95 kati ya 159. Mmoja kilimshika saa chache, mwingine siku 16. Walimu hakikumgusa hata mmoja, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kuwa mwanafunzi. Machi 18 shule ikafungwa, wasichana wakarudi kwao, na kicheko kikarudi nao mpaka Nshamba na kwingineko; hadi kilipokoma kilikuwa kimepitia watu wapatao 1000 na kufunga shule 14. Madaktari walipima damu, wakapima chakula, hawakuona sumu wala mdudu. Nisiseme uongo: ile haikuwa furaha. Wale watoto walilia pia, walikimbia huku na huku, na wanaolielewa jambo hilo husema ni hofu iliyobanwa ikatafuta tundu la kutokea. Naitaja kwa sababu sisi tuliolala Masisi tunaifahamu hiyo hofu, na tundu tunalijua.

Kazi nzito kuliko zote Mheshimiwa huifanya kwenye kilio. Mtu akifa, watu hulala nje kwa wafiwa, moto mkubwa umewashwa uani. Jioni ni nyimbo, ni sala, ni mahubiri marefu. Ikifika saa nane, mchungaji amesinzia akiwa amekaa, pombe ya kasiksi iliyobaki dumuni imefika kwa wanaostahili, na penye moto wa vijana mtu anaanza kwa sauti ya chini kueleza jinsi marehemu alivyowahi kumuuza jogoo mmoja kwa watu wawili. Wenzake wanaziba midomo kwa mikono. Mmoja anauma kofia yake. Nilikuwepo usiku ambao, katikati ya kisa hicho hicho, dirisha lilifunguka kidogo na mjane akasahihisha kutoka ndani: "Walikuwa watatu."

Hata mchungaji aliamka. Nyimbo zote za usiku ule zilikuwa nzuri, lakini ni baada ya neno hilo ndipo mama yule aliomba chai kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwaka 2023 vita vilipofika Mushaki na Karuba, watu wetu waliteremka na walichoweza kubeba, wakajikuta kwenye kambi za kandokando ya Goma, juu ya mawe meusi ya volkeno, chini ya bashi, yaani maturubai. Sitaupamba wakati ule. Mawe yale hayalaliki, na upuuzi haukuleta unga wala kuni wala dawa. Lakini bashi ni nyembamba kuliko mbao, na usiku mmoja nilipokwenda kumtazama shangazi yangu nikakosa namna ya kurudi, mtu mmoja katika safu yetu alikoroma mkoromo mkubwa, wa kusukuma mlango. Kutoka hema la tatu sauti ya mzee ikajibu kwa upole: "Karibu, ingia."

Safu nzima ilitikisika. Watu wasiojuana majina, wengine wa Kihunde, wengine wa Kinyarwanda, walicheka mpaka bashi zikapiga kelele kama mvua. Mkoromaji aliamka akauliza kuna nini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Shangazi, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hajibu salamu, alinipiga kofi la bega akaniambia nilale, mpumbavu wewe. Lilikuwa kofi zuri.

Makosa ya upuuzi nayakiri. Huiba usingizi na haurudishi. Mwalimu wetu, asubuhi baada ya ule usiku wa ng'ombe, alilala mbele ya darasa zima akiwa amesimama, chaki mkononi, na watoto wakamwacha kwa huruma hadi kengele. Huwatia watu aibu: nimemwona mzee wa kanisa akiigiza mbuzi mwenye deni. Na kibaya kuliko vyote, haukai. Fufu ya jana unaweza kuipasha. Upuuzi wa jana hauliki. Mwalimu alijaribu. Alimsimulia mke wake habari yote toka mwanzo, kilima, miguu, zizi, mpaka kinyumenyume. Mke alisikiliza kwa makini, ameacha hata kuchambua maharage, akauliza: "Halafu?"

Wapo waliojaribu kuuhifadhi kwenye karatasi. Mwaka 1509 Erasmus, msomi wa Kiholanzi, alikuwa London kwa rafiki yake Thomas More, figo zikimuuma na vitabu vyake havijafika, akajituliza kwa kuandika sifa za Upumbavu kwa Kilatini. Jina la More linafanana na neno la Kigiriki la upumbavu; basi kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1511 na kuwaudhi wakuu wa kanisa kwa karne kadhaa, kilianza kama utani juu ya jina la mwenye nyumba. Ningependa kujua walicheka kiasi gani usiku wa kwanza, kabla hakijawa kitabu. Nadhani mke wa More aligonga ukuta.

Mwendesha chukudu siku hizi yuko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mimi niko Goma. Wiki iliyopita alinipigia. Simu ya saa nane usiku kwetu ni ya msiba. Nilipoishika nilikuwa nimeshakaa kitandani, miguu chini, nikitafuta viatu. Kwake ilikuwa saa tisa.

"Yaya," akasema, "nimewaza sana. Moja iko na miguu mifupi ya kushoto, ingine iko na mifupi ya kuume. Zinakutana katika njia moja, ile nyembamba. Nani atapisha mwenzake?"

Nikamwambia ni kama chukudu: mwenye mzigo hapishi.

Akafikiri. Nilisikia mbwa wa Uganda wakibweka nyuma yake. "Ngombe haina muzigo," akasema.

"Maziwa," nikamwambia.

Akakata simu. Bado nangoja jibu.