Mpenzi Asiye na Jina

Shakespeare alimwahidi mpenzi wake kwamba mistari yake ingemfanya asife kamwe. Ahadi hiyo imo katika soneti ya 18, kati ya 154 zilizochapishwa London mwaka 1609, na ina kasoro ndogo tu: mshairi hakumtaja jina. Wataalamu wamekesha karne kwa karne wakimsaka, na mpaka leo hawajaafikiana. Jina lililodumu ni la mwandishi mwenyewe, maana lipo pale mwanzoni mwa kitabu kwa herufi kubwa. Tena, kwa mpangilio wa kitabu, soneti hiyo imo katika kundi ambalo wasomaji wengi huona linamlenga kijana wa kiume, lakini maharusi huisoma mbele ya wageni bila wasiwasi wowote. Nadhani siri ya mvuto wake ni hiyohiyo: kiti kikiwa kitupu, kila apitaye hukaa.

Utaniambia ni ufundi: mistari 14, vina vilivyopangika, na ile miwili ya mwisho inayofunga kazi. Sawa, lakini mshairi mwenzake Edmund Spenser naye hakuwa mwanagenzi. Soneti zake za mwaka 1595 zilimhusu Elizabeth Boyle, mwanamke aliyemchumbia na kumwoa kweli, na jina la Elizabeth limo humohumo. Mapenzi yenye mwenyewe hayo, nani atayaazima? Basi, bwana harusi, ukishaikariri ile ya 18, angalau wewe mtaje bibi harusi kwa jina.