Gari la Bosi kwa Bei ya IST: Tuhesabu Kutoka Saba Hadi Moja

Toyota Brevis ya silinda sita, viti vya ngozi na dashibodi inayowaka kama ukumbi wa harusi, mara nyingi inauzwa pungufu ya IST. Mara ya kwanza ukisikia bei hiyo unadhani dalali amekosea sifuri. Hajakosea. IST inanusa mafuta, Brevis inayanywa, na wanunuzi wa Dar wanajua kuhesabu.

Hapo ndipo mtu mwenye moyo wa gari kubwa anapopata nafasi, nami niko upande wake kabisa. Ila nazungumza na anayetaka gari la kila siku: Mbezi hadi Posta alfajiri, kurudi jioni, kesho tena. Kumbuka jambo moja kabla hatujaanza. Bei ya kununua imeshuka, bei ya kutunza iko palepale. Bushi haijui kwamba bosi ameshauza gari.

7. BMW 7 Series ya 2001 hadi 2008

Tamu, pana, nzito, na ina kompyuta nyingi kuliko ofisi ya mhasibu. Taa moja ya onyo ikiwaka, humwiti fundi, unaitisha kikao cha ukoo. Ipige picha, mrudishie mwenyewe funguo.

6. Mercedes E-Class ya 2002 hadi 2009 (W211)

Mapenzi yangu kwa gari hili ni ya kweli, kwa hiyo nitasema na kasoro zake kwa sauti. Matoleo ya mwanzo yana breki za umeme zinazoitwa SBC. Pampu yake huhesabu kila unapokanyaga breki, na hesabu ikifika ukomo, gari linadai pampu nyingine. Sasa fikiria foleni ya Ubungo: unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia. Mercedes wenyewe waliuondoa mfumo huo mwaka 2006, basi tafuta la baada ya hapo.

Halafu inama uangalie kama lina springi za chuma au za upepo. La upepo likichoka utalikuta asubuhi limepiga magoti kama ngamia anayesubiri mzigo, na mzigo wenyewe ni wewe.

5. Nissan Fuga ya 2004 hadi 2009

Mrithi wa Cedric na Gloria. Injini yake ya V6 ni imara na mwendo wake unapendeza. Tatizo liko kwenye duka la spea: ukitaja jina, muuzaji anakuita "mkubwa" na kukuambia upite wiki ijayo. Gari la kila siku halingoji wiki ijayo.

4. BMW 5 Series ya 1995 hadi 2003 (E39)

Kwa usukani, hakuna kwenye orodha hii linaloifikia. Kona za barabara ya Lushoto utazipanda ukiimba. Lakini tangi la maji na shingo za rejeta ni za plastiki, na plastiki ya miaka zaidi ya 20, saa nane mchana, kwenye foleni ya Mwenge, hupasuka bila kuaga. Likipenda kunywa maji kuliko petroli, usilibembeleze. Anayeuza akikuonyesha risiti za rejeta, pampu ya maji, thamostati na mipira yote vikiwa vimebadilishwa kwa pamoja, kaa naye, agiza chai, mzungumze bei. Akisema "huwa naongezea maji kidogo tu asubuhi", chai hiyo anywe mwenyewe.

3. Toyota Brevis (2001 hadi 2007)

Tumefika kwa mtuhumiwa mkuu. Toyota waliitia injini za JZ za silinda sita za mstari, lita 2.5 au 3.0, zenye mfumo wa D-4: petroli hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Presha hiyo hutoka kwenye pampu isiyopenda uchafu hata chembe. Ipe mafuta yaliyochakachuliwa mara chache tu, itaanza kukohoa kwenye taa nyekundu mbele ya watu wote. Ndiyo maana bei yake imeporomoka, na ndiyo maana bado naitetea: iliyotunzwa ni kitanda chenye magurudumu.

Wapo wanaong'oa injini ya D-4 na kufunga 1JZ-GE, isiyo na makuu hayo. Sioni ubaya, mradi kazi imefanywa na fundi anayejua nyaya. Lakini fungua kadi ya gari, soma namba ya injini, kisha inama uisome pale kwenye chuma. Zisipolingana, hununui gari, unanunua safari za kwenda TRA.

Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Wa injini hii ni wa kila kilomita 100,000. Jibu la "bado mzuri, bosi" halina tarehe ndani yake.

2. Toyota Crown ya 2003 hadi 2008

Jina la Crown lipo tangu 1955, na toleo hili ndilo lililoachana na silinda za mstari likaingia V6, nyingi za lita 2.5 au 3.0. Linatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na hilo ni deni moja pungufu. D-4 ipo hata humu, basi chagua kituo chako cha mafuta kama unavyochagua kinyozi.

Vijana wanataka aina ya Athlete. Mimi nasema Royal Saloon, na sitetereki: Athlete imekazwa miguu, Royal imelainishwa, na matuta yetu hayajali umri wako. Mdogo wake, Mark X, ana injini za familia hiyohiyo, lakini wengi waliomiliki Mark X walidhani barabara ya Bagamoyo ni uwanja wa mashindano. Ukiikuta springi zimekatwa na ekzosi inanguruma, mpe mwenyewe mkono, mtakie heri, nenda zako.

Kwenye foleni tarajia kilomita 7 au 8 kwa lita. Kama namba hiyo imekuuma, shuka nami hadi ya mwisho.

1. Toyota Mark II, GX110

Ndiyo, GX110. Najua ulitarajia nyota ya Mjerumani. Huyu ndiye bosi aliyestaafu na bado anaamka saa kumi na moja. Injini ni 1G-FE, silinda sita za mstari, cc 1,988, bila D-4, bila pampu ya presha kubwa. Inavuta magurudumu ya nyuma, inanong'ona kama gari la bei mara tatu yake, na kila fundi kuanzia Gerezani hadi Mwanza ameshaifungua. Shokapu, plagi, koili, bushi: unavipata Kariakoo siku hiyohiyo, vipya au vya mtumba. Toleo hili lilitoka kati ya 2000 na 2004, kwa hiyo nyingi zimepita mikono mingi. Tafuta iliyopauka rangi lakini ina viti visivyochanika na giaboksi isiyopiga teke ukitoka P kwenda D. Rangi utapaka. Giaboksi itakupaka wewe.

Dalali atakuambia ilikuwa ya mama mmoja, anaenda nayo kanisani Jumapili tu. Mwitikie kwa heshima, kisha omba kuja kesho saa kumi na mbili asubuhi, na mtu yeyote asiiwashe kabla yako. Ukifika, kabla hata ya salamu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna alichokuja kukificha mapema. Ikiwa ya baridi, mwambie awashe.