Akiba Haiozi: Mwongozo wa Kukaa Benchi Hadi Aprili 15

Barua ikifika utaisoma mara tatu. Mara ya kwanza utatafuta neno la kukubaliwa, mara ya pili neno la kukataliwa, na mara ya tatu utagundua kwamba yote mawili hayamo. Chuo kimefurahishwa na usaili wako, na kwa sasa jina lako limewekwa kwenye orodha ya akiba ya waombaji wa uzamivu wa saikolojia. Basi vua viatu, chemsha chai, keti. Mwongozo huu ni wako.

Kwanza jua ulipokaa. Umekaa benchi na jezi umevaa, na hakuna kocha anayemvalisha jezi mtu asiyejua mpira. Programu ya saikolojia tiba nchini Marekani inaweza kupokea mamia ya maombi kwa viti visivyofika kumi. Nyingi hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba, huita wachache kwenye usaili Januari na Februari, kisha huchuja tena hao wachache. Nimeona vijana werevu wakiipokea barua ya akiba kama cheti cha upungufu, na inaniuma kila mara. Kilichopungua ni viti.

Tena benchi lenyewe ni fupi kuliko unavyolifikiria usiku. Katika programu nyingi za uzamivu huombi chuo peke yake. Unaomba kufanya kazi na profesa fulani, kwenye utafiti fulani, na profesa huyo mwaka huo anachukua mwanafunzi mmoja, wakizidi wawili. Kwa hiyo aliye mbele yako huenda ni mtu mmoja tu, mwenye barua tatu za kukubaliwa mkononi, anayejadiliana na mchumba wake kama wahamie Ohio au Oregon. Hana ubaya nawe. Hajui hata kama upo.

Na ana haki ya kujadiliana. Baraza la Shule za Uzamili la Marekani lina azimio ambalo vyuo vingi vimelitia saini: mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Ni azimio zuri, linamlinda mwombaji asibanwe koo mwezi wa Februari. Ila ndilo linalokuweka wewe benchi hadi katikati ya Aprili. Waliopitia udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) nyumbani Tanzania watauliza kwa nini waombaji hawa hawapewi namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ili vingine viachiwe wengine. Jibu ni kwamba hakuna TCU ya Marekani. Kila chuo kinapiga simu zake, na kila mwombaji anaachia nafasi kwa hiari yake, siku anayoitaka.

Sasa tuje kwenye simu yako, kwa maana hapa ndipo watu wanapoumia. Fanya hesabu ya saa. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, Marekani inaposogeza saa zake mbele, New York inakuwa nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa saba. Ofisi ikifunguliwa kule asubuhi, kwetu ni saa 10 jioni. Ikifungwa, kwetu ni saa 6 usiku. California ndiyo kwanza wanaingia kazini saa 1 usiku wetu na wanatoka saa 9 usiku. Maana yake, tangu unapoamka hadi saa 10 jioni ofisi zote hizo zimefungwa. Asubuhi yako ni huru kabisa! Itumie. Fungua baruapepe mara moja alfajiri kuona kilichoingia usiku, mara moja jioni, na mara moja kabla ya kulala. Saa nyingine mpe simu mdogo wako akacheze nayo.

Ukiona mara tatu hazikutoshi, wakumbuke njiwa wa B. F. Skinner, ambao bila shaka umewasoma. Njiwa anayepewa punje kila anapodonoa idadi ileile hupumzika kidogo baada ya kula. Anayepewa punje bila mpangilio anaoweza kuutambua hudonoa mfululizo bila kuchoka. Kisanduku cha baruapepe ni punje zisizo na mpangilio. Kila unapokifungua unajifundisha kukifungua tena, na ratiba ndiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi.

Usijaribu kujilazimisha kusahau. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila atakapowajia akilini. Kengele zililia. Kate Sweeny na wenzake huko California nao waliwafuatilia wahitimu wa sheria waliosubiri miezi minne matokeo ya mtihani wa uwakili, na wakaona kwamba mbinu za kuzima wasiwasi hazikuwapunguzia mzigo kwa kiasi cha maana. Matokeo yao ya mwaka 2016 yana jambo ambalo ningependa kila mwombaji alibandike ukutani: waliosubiri kwa kuhangaika ndio waliopokea matokeo vizuri zaidi. Wakishinda walifurahi sana, wakishindwa walijipanga upesi. Hangaiko lako, basi, halijapotea bure.

Kinachosaidia, kwa mujibu wa utafiti wao uliofuata, ni kuzama katika shughuli hadi unasahau saa. Kwa hiyo tafuta kazi inayokula mikono na akili pamoja. Cheza bao na mtu anayekushinda. Suka ukili. Safisha zile data za tasnifu ya uzamili ulizoziacha. Kupangusa vumbi sebuleni hakutoshi, kwani mkono unapangusa na akili iko Minnesota.

Baruapepe ya kuonyesha kwamba bado unaitaka nafasi iandike mara moja, wiki chache baada ya kuwekwa akiba, na isizidi aya mbili. Shukuru, eleza jipya ulilolifanya tangu usaili (makala iliyokubaliwa, kazi ya utafiti uliyoianza), kisha uliza maswali mawili bila kuzunguka: je, orodha imepangwa kwa namba au kwa profesa, na je, nafasi ikipatikana itakuja na msamaha wa ada na posho kama za wengine? Swali la fedha si utovu wa adabu. Wanaulizwa swali hilo kila mwaka, na wewe ndiwe utakayelipa kodi ya nyumba. Kama chuo hicho ndicho unachokitaka kuliko vyote, kiambie. Usiviambie vyuo vitatu maneno hayo. Maprofesa wa fani moja hukutana kwenye mikutano ya kitaaluma, nao huzungumza.

Ndugu nao wanahitaji jibu la kuwatosha. Mimi nilikuwa nazikwepa simu za shangazi yangu, mpaka siku moja nikapokea.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Safari lini?”

“Bado, shangazi. Wameniweka akiba. Katikati ya Aprili nitajua.”

Alinyamaza kidogo. “Akiba haiozi,” akasema, kisha akaanza kunieleza habari za harusi ya jirani. Mpe shangazi wako tarehe, si maelezo. Tarehe anaweza kuiombea dua.

Pasipoti iwe tayari na isiwe karibu kuisha, kwa sababu simu ya Aprili 14 inaweza kukupa siku moja ya kuamua, na baada ya hapo kuna fomu ya I-20 ya chuo, kisha miadi ya viza ubalozini. Aprili 15 ikipita kimya, ngoja siku chache, maana orodha huendelea kusogea kidogo, halafu uliza moja kwa moja kama imefungwa. Ikiwa imefungwa, muulize profesa ni nini angependa kukiona kwenye maombi yako ya mwaka unaofuata. Nafasi ya akiba kwa kawaida haihamishwi kwenda mwaka mwingine. Jibu la profesa unaweza kuhama nalo.

Mwaka wangu wa kwanza orodha ilifungwa bila simu. Nililia, nikafanya kazi ya utafiti mwaka mzima, nikaomba tena. Mwaka wa pili nilipata nafasi katika chuo kimoja na akiba katika kingine nilichokitaka zaidi, na Aprili 9, saa 4 usiku, simu ya chuo cha pili ikaita. Nilikubali kabla profesa hajamaliza kusema. Kisha nikaikumbuka barua ya chuo cha kwanza, iliyolala kwangu wiki tatu. Hapo ndipo palipo na agizo pekee ambalo sitalilegeza: nafasi usiyoihitaji iachie usiku huohuo. Usisubiri tarehe 15 kwa kuwa unaruhusiwa. Kuna mtu amekaa benchi, naye anahesabu saa kama ulivyozihesabu wewe.

Niliandika sentensi tatu, nikatuma saa 5 kasoro. Kabla sijazima taa, jibu likaja kutoka kwa profesa wa chuo cha kwanza. Alinishukuru, akanitakia heri, akaomba radhi kwa ufupi wa barua yake. Alikuwa na mtu wa kumpigia simu.