Shajara ya Wakili wa Kiwandani

Jumatatu

Sijakaa vizuri, mkuu wa masoko ameingia na katoni mkononi. Sabuni mpya ya unga imepata jina: Povu Jingi. Katoni zimeshachapwa, mzigo wa kwanza uko ghalani na tangazo la redio limelipiwa. Anaomba nilisajili jina leo ili kesho waanze kuuza.

Nimemweleza mambo mawili. Kwanza, usajili wa alama ya biashara hauishi kwa siku moja. Msajili akishakubali, alama hutangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Pili, na hili ndilo zito, jina lenyewe linasema tu kazi ya sabuni. Kila mtengenezaji ana haki ya kuwaambia wateja kwamba sabuni yake ina povu jingi, na sheria haiwezi kumkabidhi mmoja maneno ambayo wenzake wote wanayahitaji. Angeleta neno la kubuni, au hata jina la ndege, tungekuwa na kitu cha kulinda.

"Sasa wakili, kila tukija kwako ni hapana?"

Nimemjibu kwamba wangekuja kabla ya kuchapa, ningewapa hapana ya bure na tungekunywa chai tukitafuta jina jingine. Ninaamini hivyo kwa dhati. Ninawapenda watu wa masoko. Wana vichwa vyepesi kuliko vyetu sisi wa sheria. Tatizo ni kwamba jina hulizungumza miezi mitatu, na mimi huitwa siku ya mwisho.

Chini ya jina kumewekwa herufi R ndani ya duara. Mchoraji anasema ameinakili kutoka kwenye katoni ya zamani. Ile ya zamani inayo kwa sababu alama yake imesajiliwa. Hii ya sasa hata maombi hayajapelekwa. Stika za kuifunika zimeagizwa na vijana wa ghalani watazibandika katoni moja moja.

Jumanne

Mhasibu na mimi tumeweka vyeti viwili mezani, cha Tanzania Bara na cha Kenya, vya sabuni yetu ileile ya kipande. Kenya usajili hudumu miaka 10 na kila kuhuisha ni miaka 10 tena. Bara, kwa sheria ya 1986, kipindi cha kwanza ni miaka 7, ndipo kila kuhuisha kunakuwa kwa miaka 10. Kalenda ya malipo ya idara ya fedha imeandika 10 kote kote. Kama tungeifuata, jina ambalo watu wa Kigoma na Mbagala wamelijua tangu utotoni lingefikia ukomo wake mezani petu wenyewe.

Mhasibu ameuliza, "Hii ada ya kuhuisha inatuingizia shilingi ngapi?" Haiingizi shilingi. Inamzuia mwingine asijichukulie kitu tulichokijenga kwa miaka. Amenielewa, maana ni mtu mwelewa, lakini fomu yake inadai sanduku la "faida inayotarajiwa" lijazwe namba, na bila namba mfumo haupokei. Tumeandika sifuri. Mfumo umekataa sifuri.

Tukamaliza kwa hundi, kwa mkono. Mtia sahihi wa pili yuko safari Mwanza hadi Alhamisi.

Jumatano

Wakala wetu wa Kariakoo amenipigia alfajiri. "Dada, sabuni yenu imeingia mtaani kwa bei ya kutupa na mimi sijaagiza hata katoni." Nimepanda mwendokasi hadi Gerezani na kutembea.

Pakiti zimepangwa mbele ya duka bila hofu yoyote. Nimenunua chache na kuomba risiti, kwa sababu risiti yenye jina la bidhaa ndiyo ushahidi wa kwanza. Muuzaji ametoa ya mashine. Imeandika "bidhaa mchanganyiko". Nimemwomba aandike jina la sabuni. Anasema mashine yake ina neno hilo moja tu kwa kila kitu dukani, iwe sabuni, iwe ndoo, iwe taa.

Nimeikagua pakiti chini ya kivuli cha mwavuli wa muuza maji. Kwa mbali huwezi kuitenga na yetu. Karibu unaona kwamba mshono wa chini umekatwa mkato ulionyooka, wakati kisu cha mashine yetu huacha meno madogo. Bluu imeelekea zambarau. Nyuma, mahali tulipoandika "sabuni ya kufulia", wao wameandika "kufuria". Nimemimina kidogo kwenye chupa ya maji na kutikisa: povu limepanda kidogo likafa, na chini umebaki unga mweupe kama chokaa.

Mama mmoja aliyekuwa akinunua pembeni amesimama kunitazama. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaitikisa hivyo?"

Nimemwonyesha mshono na maandishi. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi nilidhani ninyi wa kiwandani ndio mmepunguza dawa. Nimeshawaambia na majirani."

Hilo limeniuma kuliko hesabu yoyote ya mauzo. Watu huuliza miliki ubunifu inamhusu nani zaidi ya matajiri. Inamhusu mama huyu, ambaye pesa yake ya wiki imekwenda kwenye chokaa. Inawahusu pia wapakiaji wetu wa zamu ya usiku, ambao lawama ya sabuni wasiyoitengeneza inawarudia wao.

Malalamiko ya bidhaa bandia yanapelekwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba alama ni yake. Cheti halisi kiko mapokezi, kwenye fremu, ukutani, mahali kilipotundikwa siku ya sherehe ya kiwanda. Fundi amekishusha kwa bisibisi mchana huu. Karatasi imegandana na kioo kwa joto na unyevu wa Dar. Ukivuta, mhuri unabaki kwenye kioo. Tumekirudisha ukutani na nimeomba nakala iliyothibitishwa kutoka BRELA, ofisi ya usajili wa alama ya Bara.

Alhamisi

Siku ngumu.

Mhandisi wetu wa mitambo amebuni kisu cha kukatia miche ya sabuni kisichoacha mabaki. Mabaki hayo zamani yalirudishwa kuyeyushwa, na kuni na umeme vikapotea. Ni kazi nzuri kweli. Amekaa nayo jioni nyingi karakana, na chuma cha majaribio amekinunua kwa pesa yake. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba nitaandika maombi ya hataza kabla mtu wa nje hajakiona.

Leo asubuhi nimekuta video yake kwenye ukurasa wa kampuni. Kijana wa mitandao aliipenda, akaipandisha jana usiku na maneno ya kumpongeza mhandisi. Kila pembe ya kisu inaonekana, na sauti ya mhandisi inaeleza hatua kwa hatua.

Hataza hudai upya. Uvumbuzi ukishawekwa hadharani, hata na mvumbuzi mwenyewe, unaweza kuhesabiwa kuwa umeshajulikana. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipoutangaza mwenyewe. Mfumo wa hataza wa Ulaya hauna msamaha wa namna hiyo kwa kutangaza kwa hiari. Sisi tulikuwa na matumaini na masoko zaidi ya moja, na sasa hesabu imebadilika. Video imeondolewa, lakini tayari kuna watu wawili wameuliza chini yake kisu kinauzwa wapi.

Kijana wa mitandao ameomba radhi huku akitetemeka. Simlaumu, maana hakuna aliyemwambia. Mhandisi hakusema kitu. Aliuliza tu kama jina lake bado litaandikwa kama mvumbuzi. Litaandikwa. Nimefunga mlango na kuanza kuandika maelezo ya kisu, na sitaki kuitwa kwenye kikao chochote hadi maombi yapelekwe.

Jioni wimbo wa tangazo la redio. Mdundo umetolewa intaneti, "wa bure". Nimeomba kuona masharti: ni bure kwa matumizi binafsi. Tangazo la sabuni si matumizi binafsi. Mtunzi anatakiwa atafutwe, aulizwe na alipwe.

Ijumaa

Mtia sahihi amerudi. Hundi imetoka. Mwanza kulikuwa na mvua, anasema.

Mkuu wa mauzo ameleta barua ya wakala wetu wa Zanzibar, aliyesajili jina la sabuni yetu huko kwa jina lake mwenyewe. Kwa lugha ya upole kabisa anasema alifanya hivyo "ili lisichukuliwe na mwingine", na sasa angependa mkataba wake uongezwe. Usajili wa Bara hauvuki bahari. Zanzibar ina sheria yake ya 2008 na ofisi yake ya usajili, na cheti chetu kizuri cha ukutani hakina nguvu sokoni Darajani. Watu wa mauzo walipeleka sabuni kwa boti bila kuniambia, wakidhani nchi moja ni daftari moja. Nimempigia wakala. Tumesalimiana kwa urefu, tukaulizana watoto, ndipo tukaingia kwenye jina. Amekubali kulihamishia kwetu iwapo gharama zake za usajili zitarudishwa na mkataba wake utazungumzwa kwa haki. Ni mtu wa kuongea naye. Wapo ambao wangeomba bei ya nyumba.

Mkuu wa masoko ameleta majina mapya ya sabuni ya unga. Nimeyatafuta kwenye daraja la 3, ndimo sabuni zinamokaa kati ya madaraja 45 ya bidhaa na huduma. Moja liko huru na ni zuri sana, nikamwambia hivyo. Amefurahi.

Jumamosi

Nusu siku. Nimeandika waraka wa ukurasa mmoja kwa idara zote na kuutundika mapokezi, pembeni ya cheti. Unasema hivi, nami nawaomba na wengine nje ya kiwanda hiki wauchukue, hasa ninyi wenye viwanda vidogo vya asali, viungo na sabuni za nyumbani: jina likikujia, kabla ya kumwita mchapaji, litafute kwenye daftari la alama, Bara na Zanzibar. Liombee usajili kila mahali unapotarajia kuuza. Chombo ulichokibuni usikirekodi hadi maombi yapelekwe. Na ukiona bidhaa yako mtaani hujaipeleka wewe, nunua, tunza pakiti, na udai risiti iandikwe jina lake.