Opera ya Kirusi Asiyoijua Mtu: Mwongozo kwa Mkurugenzi Mwenye Haraka

Umekabidhiwa tamasha la sanaa, mfuko mwembamba, sifa unazitaka. Achana na La Traviata, ndugu yangu. Ile kila mtu anaijua. Mama wa safu ya tatu atang'amua noti iliyoteleza kabla ya mwimbaji mwenyewe. Tafuta opera ya Kirusi iliyolala kabatini. Kipya kinyemi, na hiki hakuna atakayekilinganisha na kingine.

1. Chagua mtunzi asiyeweza kulalamika. Sergei Taneyev anafaa sana. Oresteia, opera yake pekee, ilipanda jukwaani St. Petersburg mwaka 1895. Wakuu wa ukumbi walipoikata, akanuna, akaiondoa. Bahati yako, alifariki mwaka 1915. Kata unavyotaka. Tatizo moja tu: tamasha la Bard kule Marekani liliionesha mwaka 2013, kwa hiyo usitangaze "mara ya kwanza duniani". Tangaza "mara ya kwanza wilayani".

2. Ukiogopa kukata, chukua iliyoachwa njiani. Borodin, aliyekuwa mkemia, alianza Prince Igor mwaka 1869 na mwaka 1887 akafa hajaimaliza. Watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wakaiunga. Khovanshchina ya Mussorgsky nayo ilimaliziwa na Rimsky-Korsakov huyohuyo, kisha Shostakovich akaja na mpangilio wake. Umeona raha yake? Penye matoleo mengi hapana kosa. Kwaya ikiruka ukurasa mzima, hilo ndilo toleo lenu.

3. Mavazi: suti za kijivu. Manyoya na majoho ya mabwanyenye wa Moscow yatakufilisi. Sema unazungumzia udikteta wa leo. Ongeza viti vitupu na theluji ya karatasi.

4. Imbeni kwa Kirusi, vyovyote kitakavyotoka. Tafsiri inamulikwa juu ya jukwaa, na anayesoma hana muda wa kusikiliza. Mwimbaji akisahau maneno, avute "Volga" kwa huzuni mpaka mwenzake aingie.

5. Sasa jambo kubwa: kijitabu cha maonyesho. Hapa usifanye ubahili. Mhakiki naye hajawahi kuiona opera hii, ila hawezi kukiri mbele ya wenzake. Atakisoma kijitabu chako ndani ya treni na kukinakili usiku. Basi mwandikie uhakiki wake. Weka "kazi iliyodhulumiwa na historia". Weka "ujasiri". Kama mwimbaji wako wa besi ana mafua, andika kwamba mhusika wake amechoka na dunia. Kesho yake utayasoma yote gazetini, na utashangaa jinsi watu walivyokuelewa.

6. Mapumziko yawe marefu. Tamasha la opera la Glyndebourne, Uingereza, huwapa watu kama dakika 90 wale chakula chao bustanini. Aliyeshiba na kulewa kidogo hupiga makofi kwa moyo wote.

Mfadhili akitia shaka, mtajie Wexford, mji mdogo wa Ireland ambao tangu 1951 tamasha lake limejijengea jina kwa opera zilizosahaulika. Mwaka 2008 walipopata jumba jipya, opera waliyoanza nayo ni The Snow Maiden ya Rimsky-Korsakov. Usimwambie tu kwamba wale hufanya mazoezi.

Mwakani utahitaji nyingine. Usihangaike: Rimsky-Korsakov peke yake aliacha 15.